Stanley na Mashua Iliyobebwa Mabegani

Mimi ni mtoto wa Mbale, na sisi wa Mbale ni watu wa mlima. Maji tuliyoyazoea ni ya mito inayoteremka kutoka Masaba, ambayo mtu akikunja suruali yake huvuka. Kwa hiyo msinicheke nikiwaambia kwamba nilifika umri wa miaka 16 kabla sijatia mguu ndani ya chombo cha majini. Leo nataka kuwasimulia maisha ya Henry Morton Stanley, ambaye wengi wetu tumemsoma darasani. Lakini nitaanza na aibu yangu mwenyewe, maana ndiyo iliyonifanya nimsome mara ya pili.

Mjomba wangu ni seremala hapa Mbale. Mwaka jana bwana mmoja wa Jinja alimletea mashua yake ya tanga, yenye urefu wa futi 14, ambayo mbao zake za chini zilikuwa zimeoza. Mjomba aliishughulikia kwa majuma sita. Ujira wa kazi ile ulikuwa umekwisha pangiwa matumizi, nao ulikuwa karo yangu ya muhula. Kazi ilipokwisha, tuliipakia mashua juu ya trela, tukaifunga kwa mikanda, tukaondoka alfajiri na pikapu kwa njia ya Tirinyi na Iganga. Kabla ya saa sita mchana tulikuwa Jinja, ukingoni mwa Ziwa Victoria.

Pale ukingoni pana mteremko wa saruji unaoingia majini, uliotengenezwa kwa ajili ya kushulia vyombo vidogo. Mjomba alirudisha pikapu kinyumenyume mpaka magurudumu ya trela yakagusa maji. Akaweka mawe kuzuia magurudumu, akaniagiza nisiguse kitu chochote, akaenda kumwita mwenye mashua.

Sasa, njia nzima nilikuwa nikisoma kitabu kidogo juu ya Stanley, nilichoazima maktaba. Kitabu kile kilisema kwamba mwaka 1875 Stanley alishua mashua yake katika ziwa hili hili, akalizunguka lote. Kilimtaja Stanley tu, wala hakikumtaja mtu mwingine. Nikawaza moyoni kwamba ikiwa mtu mmoja aliiweza mashua ya futi 40, mimi sitashindwa na ya futi 14. Nilitaka mjomba arudi aikute inaelea.

Basi nikafungua mikanda, nikashika kamba ya omo mkononi, nikalegeza winchi. Mashua iliteleza kwa ghafula kuliko nilivyodhani. Saruji iliyo chini ya maji ilikuwa imeota utelezi wa kijani; nikaanguka kwa magoti, na kamba ikanitoka. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza kuvuma kutoka ziwani, ukaisukuma mashua kando kuelekea kwenye mawe. Nanyi mnajua kwamba jina lenyewe la Jinja maana yake ni jiwe. Nikapiga mbizi isiyo na ufundi, nikaishika, nikaona maji yanabubujika ndani yake. Kizibo cha tundu la kutolea maji sikukitia.

Lau si mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akitengeneza nyavu zake, na akina mama wawili waliokuwa wakianika mukene, nisingekuwa na la kuandika leo isipokuwa hasara. Waliacha kazi zao, wakaingia majini na nguo zao. Mjomba aliporudi pamoja na mwenye mashua alitukuta watu wanne tumeshikilia mashua iliyojaa maji nusu. Rangi yake mpya ilikuwa imechubuka, lakini mbao zilikuwa nzima.

Mjomba hakunipiga. Aliniuliza ni nani aliyenifundisha kushua chombo namna ile. Nikamwonyesha kitabu. Alikitazama kitambo, kisha akaniagiza nitafute kitabu kikubwa kuliko kile, nisome ni nani waliobeba mashua ya bwana huyo. Nilifanya hivyo, na haya ndiyo niliyoyapata.

Stanley hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa Denbigh katika nchi ya Wales, tarehe 28 Januari 1841, akaitwa John Rowlands. Mama yake alikuwa hajaolewa, wala baba hakumlea. Babu yake mzaa mama ndiye aliyemtunza, na babu alipofariki mtoto akawa hana wa kumtaka. Akiwa na umri wa miaka 6 alipelekwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, akalelewa humo mpaka akawa kijana. Nadhani mtu aliyeanza maisha hivyo hujifunza mapema kusema kwamba hamtegemei yeyote.

Mwaka 1859 alipata kazi ya utumishi katika meli iliyokuwa ikitoka Liverpool kwenda Marekani, akashuka New Orleans. Huko alijipa jina la mfanyabiashara mmoja wa mji huo, nalo ndilo alilofia nalo. Vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka alipigana upande wa Kusini, akatekwa katika vita vya Shiloh mwaka 1862, kisha akajiunga na upande wa Kaskazini. Baadaye akawa mwandishi wa magazeti. Gazeti la New York Herald ndilo lililomtuma kumtafuta Dakta Livingstone, naye akamkuta Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1871. Kuanzia hapo jina lake likajulikana duniani kote.

Livingstone alipofariki mwaka 1873, Stanley aliazimia kumaliza maswali yaliyobaki. Swali moja lilihusu Jinja yetu. Tarehe 28 Julai 1862, Speke alikuwa amesimama mahali Mto Nile unapotoka ziwani, akapaita Maporomoko ya Ripon. Lakini Speke hakulizunguka ziwa, na wakubwa wengine wa Ulaya walibisha kwamba Nyanza si ziwa moja bali ni maziwa mengi madogo. Njia ya kukata neno ilikuwa moja tu, nayo ni kulizunguka kwa mashua.

Mashua itapatikana wapi? Mitumbwi ya ziwani ilikuwa ya wenyewe, na Stanley hakutaka kuomba. Kwa hiyo alimwagiza fundi mmoja wa Teddington, kando ya Mto Thames, amwundie mashua ya mbao nyembamba za mwerezi. Urefu wake ulikuwa futi 40, na upana futi 6. Ilikuwa ya vipande vitano, kila kimoja cha futi 8, ili ifunguliwe na kubebwa nchi kavu, kisha iunganishwe tena penye maji. Aliiita Lady Alice, kwa jina la binti wa Kimarekani aliyeahidi kuolewa naye. Mashua ilimtii hadi mwisho. Binti hakungoja, aliolewa na mtu mwingine Stanley akiwa angali Afrika.

Vipande vilipofika Unguja vilionekana kuwa vizito mno kwa wapagazi, ikabidi fundi wa pale avipunguze. Tarehe 17 Novemba 1874 msafara uliondoka Bagamoyo, watu zaidi ya 350, wengi wao Waungwana wa Unguja na watu wa bara. Kutoka kwetu Mbale mpaka Jinja, pikapu ilituvutia mashua kwa saa chache juu ya lami. Kutoka Bagamoyo mpaka Kageyi, ncha ya kusini ya Nyanza, ilikuwa kama maili 720 za miiba, njaa na kiu, na trela la Lady Alice lilikuwa mabega ya wanaume. Walichaguliwa wale wenye nguvu kuliko wote. Penye msitu, wengine walitangulia na mashoka kuwapasulia njia, maana kipande cha mashua hakipiti pale mtu na mzigo wa nguo anapopita.

Walitembea siku 103. Njiani wengi walikufa kwa maradhi, kwa njaa na kwa vita, na wengine walitoroka. Edward Pocock, kijana mmoja wa Kiingereza aliyekuwa katika msafara, alizikwa huko. Tarehe 27 Februari 1875 waliliona ziwa. Vile vipande vikaungwa kwa skrubu na nati, na mashua ikawa mashua tena.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kitabu changu kidogo kiliruka jambo. Stanley aliuliza ni nani watakaokwenda naye kwa hiari, na hakuna aliyejitokeza. Watu wa pwani walikwisha sikia habari za kutisha juu ya ziwa lile, na wengi hawakujua kupiga kasia. Ilibidi achaguliwe mmoja mmoja. Tarehe 8 Machi walisukuma mashua majini, Stanley na watu 11. Mshika usukani aliitwa Safeni, na mwenyeji wa kuwaonyesha njia alikuwa Saramba, ambaye aliogopa kuliko wote. Hao ndio walioshua Lady Alice.

Walifuata pwani ya mashariki kuelekea kaskazini, wakati mwingine kwa tanga, wakati mwingine kwa makasia, mvua na mawimbi vikiwapiga. Karibu na Buvuma watu wa mitumbwi waliwazingira, na Stanley akawapiga risasi. Kisha wakaingia katika ghuba inayoelekea Jinja, wakaona maji yakiporomoka juu ya mawe na kukimbilia kaskazini. Leo ukisimama pale huyaoni tena maporomoko yale, kwa sababu bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, liliyafunika. Lakini mto bado unatokea pale pale. Kutoka hapo walikwenda mpaka kwa Kabaka Mutesa, aliyewapokea kwa heshima mwezi wa Aprili. Barua ambayo Stanley alipeleka Uingereza kutoka huko ndiyo iliyowaita wamisheni wa kwanza waje Buganda.

Waliporudi kwa upande wa magharibi, chakula kiliwaishia, wakakaribia kisiwa cha Bumbireh kutafuta ndizi. Watu wa kisiwa waliikamata mashua na wote waliokuwamo, wakaiburura mpaka nchi kavu. Wakanyang'anya makasia. Saa nyingi zilipita, Safeni akienda na kurudi kutafuta suluhu. Mwishowe Stanley akatoa amri, na mabaharia wakaisukuma mashua kwa nguvu zao zote mpaka ikaruka majini, na wao nyuma yake. Safeni alikimbia akajitupa ziwani, akavutwa ndani. Stanley alifyatua bunduki, na watu wakafa. Kwa kuwa hawakuwa na makasia, waling'oa mbao za sakafu ya mashua wakazitumia badala yake. Mwezi wa Mei walifika Kageyi wakiwa wamekaa majini karibu miezi miwili, na jibu lilikuwa tayari. Nyanza ni ziwa moja, na mto mkubwa unaotoka humo ni mmoja, ule wa Jinja.

Ni lazima niseme na hili, maana kumsifu mtu kwa kuficha nusu si kumsoma. Miezi michache baadaye Stanley alirudi Bumbireh na watu wengi na mitumbwi ya Waganda, akawapiga risasi watu wa kisiwa waliosimama ufukoni, naye akiwa mbali majini asiweze kufikiwa. Hata Uingereza kwenyewe wengi walimlaumu kwa jambo hilo.

Kutoka Nyanza mashua ilibebwa tena mpaka Ziwa Tanganyika, wakalizunguka mwaka 1876. Kisha ikabebwa katika msitu mkubwa wa Manyema, ambamo wapagazi waliisukuma katikati ya majani kama watu walimao kwa jembe zito, mpaka Mto Lualaba. Huko usukani ulishikwa na Uledi. Mtu huyu nilitamani nipate kitabu chake peke yake, lakini sijakipata. Mtoni Kongo aliokoa watu 13 wasizame, kila mara akijitupa majini bila kuambiwa. Siku moja alionekana ameiba shanga za msafara wakati wa njaa, ikaamuliwa apigwe. Ndugu yake akasimama akaomba apigwe yeye badala yake, na mwingine akaomba hivyo hivyo. Stanley akamsamehe.

Kongo ya chini ina maporomoko mengi. Kila penye poromoko walikata magogo na matawi, wakayatandika juu ya mawe, wakavuta mashua na mitumbwi nchi kavu, kisha wakaishua tena chini yake. Fikirini kazi hiyo kwa miezi mitano, na njaa juu yake. Frank Pocock, ndugu yake Edward, alizama Juni 1877. Mwisho wa Julai, karibu na maporomoko ya Isangila, nguvu ziliwaishia, wakaiacha Lady Alice juu ya mwamba. Tarehe 9 Agosti waliingia Boma. Wazungu wanne walianza safari, akabaki Stanley tu. Katika wale zaidi ya 350 hawakufika hata 120.

Waliosalia walirudishwa Unguja kwa meli kupitia Rasi ya Tumaini Jema, wakalipwa mishahara yao, na ndugu wa waliokufa wakalipwa pia. Mwezi wa Desemba Stanley alikwenda pwani kuondoka. Mashua ndogo ilikuwa ikimngoja mchangani kumpeleka kwenye meli. Wale watu wakamtangulia mbio, wakaisukuma mashua baharini, kisha wakamwinua juu ya vichwa vyao wakamvusha mawimbi na kumweka ndani. Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza. Mtu aliyesifiwa kwamba alishua mashua katika Nyanza, katika Tanganyika na katika Kongo, hata siku ya mwisho hakuishua yeye.

Maisha yake ya baadaye nitayasema kwa ufupi. Kuanzia mwaka 1879 alimtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji, akamfungulia njia ya Kongo, na watu wa Kongo waliteswa vibaya chini ya mfalme huyo. Mwaka 1887 hadi 1889 aliongoza msafara wa kumfuata Emin Pasha, na safari hiyo tena mashua ya vipande, ya chuma, ilibebwa msituni mpaka Ziwa Albert. Alioa mwaka 1890, akawa mbunge mwaka 1895, akapewa cheo cha Sir mwaka 1899, akafariki London tarehe 10 Mei 1904. Jina lake lilirudi hata kwetu, maana meli iitwayo Stanley, iliyoundwa mwaka 1913, ilifanya kazi Ziwa Kyoga. Sijasikia meli iliyoitwa Safeni wala Uledi.

Sasa nirudi Jinja. Siku ile, baada ya kuteka maji yote na kuyamwaga, mjomba aliirudisha mashua juu ya trela, akaniambia niishue tena, mimi peke yangu, yeye atatazama. Alinieleza kwamba mtu mmoja anaweza, lakini kazi yake huifanya kabla trela halijagusa maji. Atazame upepo unatoka wapi. Asimamishe mlingoti akiwa juu, mahali pasipo na nyaya za umeme. Atie kizibo. Atie usukani na makasia ndani. Afunge kamba ndefu ya omo kwenye kitu kisichotembea, wala si kuishika mkononi tu. Mikanda ndiyo ya mwisho kufunguliwa, na winchi ilegezwe polepole. Tanga lisipandishwe mpaka omo iuelekee upepo.

Nilifanya hivyo, moja baada ya jingine. Mashua ikashuka taratibu, ikaelea, kamba ikakaza, ikatulia. Mwenye mashua alicheka, akamlipa mjomba bila kupunguza hata shilingi kwa rangi iliyochubuka. Karo yangu ikapona. Sehemu ya fedha ile mjomba aliwapa mzee mvuvi na wale akina mama, nao walikataa mara mbili kabla ya kupokea.

Hata mara ya pili, ndugu zangu, sikuwa peke yangu. Mteremko ulijengwa na watu nisiowajua, mawe ya magurudumu aliyaweka mjomba, na mzee alikuwa amesimama majini mpaka kiunoni, akijifanya anaosha nyavu. Tangu siku hiyo, nikisoma kwamba fulani alivuka bahari, au alijenga mji, au alizunguka ziwa, huwa natafuta katika kurasa zinazofuata majina ya waliobeba. Mara nyingi yamo. Nanyi mkienda maktaba mkafungua habari za Stanley, mtafuteni Safeni, mtafuteni Uledi, msome majina yao kwa sauti.